Sheria ya Kutokwa Damu Ilomba

"Inatangazwa kwa wakazi wote wa Ilomba, wake kwa waume, wenye mashamba na wasio na mashamba, kwamba kuanzia leo hakuna mtu atakayetokwa na damu bila kufuata utaratibu."

Aliyesoma tangazo hilo alikuwa Bwana Fanueli, Karani Mkuu wa Baraza, mwaka 1956, mwezi wa Juni, asubuhi ambayo sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa bado imelala kwenye majani ya viazi. Alisimama juu ya sanduku la chai mbele ya ofisi. Tarishi wake Danieli alimshikia mwavuli, ingawa mvua zilikwisha tangu Mei, kwa sababu tangazo zito bila mwavuli halikai vizuri. Watu walikuwa wamejifunika mablanketi mpaka puani, kwa hiyo haikuwezekana kumjua aliyecheka.

Mzee Asukile, mdogo wake Chifu, alinyoosha mkono. "Karani, na mtu akijikata na jembe siku ya Jumapili je?"

"Atabana mpaka Jumatatu," alisema Bwana Fanueli. "Ofisi hufunguliwa saa mbili."

Mzee Asukile aliketi. Alikuwa amejibiwa.

Asiyemjua Bwana Fanueli angedhani alikuwa mtu katili. Hapana. Alikuwa mtu mwema aliyependa kila kitu kiwe mahali pake, hata maumivu. Sheria yenyewe aliitunga kwa ajili ya mtoto mmoja, na aliitunga kwa moyo mkunjufu kabisa.

Mtoto huyo aliitwa Mika, mwenye umri wa miaka mitano, mchangamfu, mpenda kuruka kutoka juu ya chochote kilichomzidi kimo. Baba yake, Saulo, alikuwa akipasua mbao kule Mafinga na kurudi nyumbani sikukuu kwa sikukuu. Mama yake, Apolonia, alikuwa mwenyeji wa Iringa. Mwanzoni mwa mwaka Mika alianguka kutoka kwenye kichuguu akajiuma ulimi, na ulimi ule ukatoka damu mchana kutwa, ukakesha ukitoka, ukaendelea na kesho yake. Apolonia akambeba mpaka hospitali ya mjini, na huko daktari akaupa ugonjwa huo jina lake, hemofilia.

Daktari alimweleza taratibu. Damu ya Mika ilipungukiwa na kitu kinachoifanya igande. Mkwaruzo mdogo haukuwa wa kutisha, ungebanwa kwa kitambaa safi na ungenyamaza. Damu ya kuogopwa ni ile inayovujia ndani, hasa kwenye goti na kiwiko, maana hiyo haionekani, inajaza kiungo na kukila polepole. Goti likipata joto na kukaza, mtoto alazwe, mguu uinuliwe, lifungwe kwa bendeji na kupozwa kwa maji baridi, kisha aletwe hospitali siku hiyo hiyo atiwe damu mbichi ya mtu mzima mwenye afya. Asichomwe sindano ya paja. Asing'olewe jino kienyeji. Vidonge vya maumivu vya dukani asipewe bila kuuliza. Na akiwa mzima, aachwe acheze, miguu ipate nguvu.

"Kwenu mlikuwa na mvulana wa namna hii?" daktari aliuliza.

Apolonia alikuwa na kaka, Edmund, aliyekufa kijana kwa sababu ya jino lililong'olewa. Ukoo mzima ulimshuku jirani, na hadi leo nyumba hizo mbili haziamkiani. Daktari akamwambia kwamba ugonjwa huu hupita kwa mama ukamshika mtoto wa kiume, mama mwenyewe asiugue, na hakuna mtu aliyemroga mtu. Apolonia alilia pale pale, kwa uchungu wa Edmund na kwa nafuu ya kujua. Aliporudi Ilomba alishona vibandiko vya magoti kwa blanketi kuukuu na sufi, akamvalisha Mika, na Mika akagundua kwamba sasa anaweza kuruka kutoka juu zaidi.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipopata habari aliagiza lori la Baraza limpeleke mtoto huyo hospitali kila atakapotokwa damu. Agizo lilikuwa la sentensi moja, na hapo ndipo Bwana Fanueli alipoiona hatari. Sentensi moja haina ulinzi. Leo mtoto, kesho watu wazima. Ikifika siku ya soko Ilomba yote ingejichoma miiba ili ipate lifti ya mjini. Kwa hiyo akaunda Kamati ya Damu, akaipa kofia na machela mpya, akaitungia sheria.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, damu ni ile iliyoonekana kwa macho ya Kamati. Mwenye kutokwa damu atalazwa kwenye machela papo hapo, liwe tone moja tu, asije Bwana Shauri akasema Baraza limechelewa. Mgonjwa hatasema neno, kwa kuwa kusema kunatikisa damu. Atafuatana na mtu aliyewahi kutokwa damu akapona, ili ampe moyo. Lori halitasimama njiani kwa mtu yeyote. Na mwisho, sheria haitambagua mtu kwa cheo chake. Kifungu hicho cha mwisho kilimlenga Mzee Asukile, aliyekuwa na ugonjwa wa kupenda lifti. Bwana Fanueli alimsomea mkewe Tupokigwe sheria nzima wakati wa chakula, na Tupokigwe akasema ni ndefu, jambo ambalo Bwana Fanueli alilipokea kama sifa.

Haukupita muda Apolonia akaja ofisini, Mika mgongoni.

"Kamwene, Bwana Karani," alisalimu kwa desturi ya kwao. "Goti la mtoto limeanza. Naomba lori."

"Damu iko wapi, Mama Mika?"

"Iko ndani ya goti."

Bwana Fanueli alivaa miwani akainama. Goti lilikuwa limejaa, linang'aa, na joto lake lilimfikia usoni. Akalitazama mbele, akazunguka akalitazama nyuma. "Sioni kitu."

"Ndiyo iko ndani, baba. Daktari alisema ya ndani ndiyo mbaya."

"Ndani ya goti ni nje ya mamlaka ya Baraza," alisema Bwana Fanueli, na alisema kwa huzuni ya kweli. "Ikitoka nje niite, hata kama niko mezani."

"Ikitoka nje?"

"Kidogo tu. Sheria haidai nyingi."

Apolonia alimkaza mtoto mgongoni. "Kwa hiyo nimkate?"

"La hasha. Kutoa damu kwa makusudi ili kupata usafiri ni kosa. Tumeliweka kwenye nyongeza."

"Babu," Mika alisema kutoka mgongoni, "lichukue goti hili liwe lako uone."

Bwana Fanueli hakupenda kuitwa babu na mtu asiye na miadi. Apolonia akatoka. Akalifunga goti, akalilowesha kwa maji ya mto yaliyotoka moja kwa moja kwenye baridi ya mlimani, akambeba mtoto kwa miguu hadi mjini, mwendo wa kutwa nzima kwa mwenye mzigo unaolia.

"Umechelewa, mama," daktari alisema. Si hivyo tu. Damu ya kumtia mtoto haikuwapo, maana watu walikuwa wakiogopa kutoa. Kulikuwa na uvumi wa mumiani kila mahali, na hakuna aliyetaka kulala kitandani akamwangalia mtu akimjazia chupa. Daktari akatuma ombi kwa Baraza litafute watu wa kujitolea.

Ombi lilisomwa mkutanoni. Watu wote wakamgeukia Bwana Fanueli, maana ndiye aliyekuwa mnene.

"Ningependa sana," alisema Bwana Fanueli. "Lakini damu ya mtumishi ni mali ya Serikali. Haitolewi bila kibali cha aliye juu."

Watu wakaguna kwa kuelewa. Kama Karani mwenyewe hatoi, basi kuna kitu anakijua. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Mika alikaa kitandani mpaka viazi vikavunwa. Alipoinuka mguu ulikuwa umepinda kidogo, na Apolonia akawa anamtembeza uani kila asubuhi, hatua kwa hatua, huku akimwimbia, mpaka ukaanza kunyooka. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba goti hilo likijaa tena na kucheleweshwa tena, halitarudi. Mtoto wake angetembea kwa fimbo maisha yake yote. Apolonia alikuwa mwanamke wa kucheka, lakini kwa hilo goti aliogopa, akawa analigusa hata mtoto akiwa amelala.

Wakati huo sifa za sheria zilikuwa zimefika mbali. Bwana Mkubwa wa Jimbo alituma salamu kwamba angekuja Ilomba kuiona Kamati ya Damu ikifanya kazi. Bwana Fanueli alifurahi mpaka akakosa hamu ya kula. Miiba ya njiani ilikatwa. Majogoo walifungwa miguu. Danieli aliteuliwa kuwa mgonjwa wa maonyesho, akapewa wino mwekundu wa kujipaka mkononi, na kwa juma zima Kamati ikafanya mazoezi: kuona, kutamka, kulaza, kupakia. Bwana Fanueli mwenyewe aliwafundisha kutosikiliza maneno ya mgonjwa, kwa sababu mgonjwa hajui hali yake.

Siku yenyewe, asubuhi ya baridi, Bwana Fanueli alitundika kioo kwenye nguzo ya baraza ya nyumba yake akaanza kunyoa ndevu. Shati jeupe lilikuwa limeshavaliwa. Hapo Kamati ikaingia uani kwa gwaride, machela begani, nyuma yao lori la Baraza na dereva wake Liberatus, na wote kwa pamoja wakapiga saluti iliyotikisa mabati.

Bwana Fanueli alishtuka, wembe ukagusa kidevu.

Danieli alikitazama kidevu. Kamati nzima ikakitazama. Tone moja liliteremka bila haraka, likatua kwenye kola.

"Damu," alisema Danieli.

"Imeonekana," Kamati ikaitika kwa sauti moja, kama walivyofundishwa.

"Acheni mchezo. Ni wembe tu."

"Mgonjwa anasema," alisema Danieli kwa wasiwasi. "Anaitikisa."

Walimlaza. Danieli hakuwa mtu wa hila; alimpenda Karani wake na aliogopa kumpoteza siku ya mgeni. Akakimbia kulipiga rimu la gari lililotundikwa penye ofisi, na Ilomba yote ikajua kwamba kuna mtu anatokwa damu kwa utaratibu.

"Danieli, mimi ni Karani Mkuu."

"Ndiyo, Bwana. Sheria haimbagui mtu kwa cheo chake." Danieli alimfunika blanketi mpaka shingoni na kulikunja pembeni. "Usitie shaka, Bwana, ni sheria nzuri."

Bwana Fanueli alitafuta moyoni mwake kasoro katika sheria hiyo, asiione. Alikuwa ameiandika vizuri mno.

Kilichobaki kilikuwa mtu wa kumpa mgonjwa moyo. Kamati ikaulizana nani amewahi kutokwa damu ya kusemeka, ikaonekana hakuna, isipokuwa mmoja aliyewahi kuumwa na nyani, naye alikuwa hajapona sawasawa. Hapo Apolonia akasogea kutoka langoni. Alikuwa amesimama pale tangu alfajiri, Mika mgongoni, kwa sababu goti lilikuwa limeamka na joto na yeye alikuwa amekuja kuomba tena, hata kama ni kwa kupiga magoti mwenyewe.

"Huyu hapa," alisema. "Ametokwa damu kuliko Ilomba nzima, na kila mara amepona. Ila haendi bila mama yake."

Kamati ikashauriana. Kuhusu mama, sheria ilikuwa kimya. Wakawapandisha.

Lori likaondoka. Bwana Fanueli alilala chali akitazama mbingu, kando yake Mika, mguu umewekwa juu ya gunia la viazi, bendeji iliyoloweshwa maji ya mto imelikaza goti. Apolonia alikuwa amelifanya hilo hata kabla gari halijatoka uani.

"Babu, unaumwa?" Mika aliuliza.

Bwana Fanueli akasahau kwamba haruhusiwi kusema. "Siumwi hata kidogo."

"Mimi nami husema hivyo hivyo." Mtoto akanyoosha mkono, akakibana kidevu cha Karani kwa kitambaa. "Usihangaike. Ukihangaika inazidi. Unahesabu mawingu tu."

"Na wewe goti linauma?"

"Linauma," alisema Mika. "Lakini leo tuna gari."

Bwana Fanueli akahesabu mawingu.

Karibu na mjini waliona gari jeusi lenye bendera likija kwa mbele, katikati ya njia, kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba atapishwa. Liberatus alimkumbuka Bwana Fanueli na mafunzo yake.

"Lori halisimami kwa mtu yeyote," alisema Liberatus, akabonyeza honi, akanyoosha usukani.

Gari jeusi liliingia shamba la mahindi. Bwana Mkubwa wa Jimbo, aliyekuwa ndani yake, alitoa kichwa dirishani akaona lori la Baraza likipotea na vumbi lake, juu yake watu wenye kofia wamesimama wima kuizunguka machela. Katika miaka yake yote ya utumishi hakuwahi kuona lori la Serikali likienda kasi. Akaamuru dereva ageuze walifuate.

Hospitalini daktari alitoka mbio. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Huyu," alisema Danieli, akilifunua blanketi.

Daktari alimpapasa Karani kichwa, kifua, tumbo, miguu. Hakuona jeraha.

"Kidevuni," Danieli alimnong'oneza. "Ilionekana."

Daktari alikitazama kidevu kwa heshima iliyostahili, kisha macho yake yakaenda kwa Mika. Akaligusa goti. "Limeanza lini?"

"Alfajiri, daktari," alisema Apolonia.

"Alfajiri ya leo?"

"Ya leo."

"Mama, leo umewahi," alisema daktari, na Apolonia akakaa chini sakafuni.

Ilibaki damu. Daktari aliwatazama wanakamati mmoja mmoja, nao mmoja mmoja wakatazama dari. Mlango ukafunguka akaingia Bwana Mkubwa wa Jimbo, majani ya mahindi kwenye kofia.

"Nini maana ya haya?" aliuliza.

Daktari alikuwa mtu mkweli, akasema kweli tupu. "Bwana Mkubwa, mtoto huyu anahitaji damu sasa hivi, na watu wanaogopa kutoa. Huyu ni Karani Mkuu wa Ilomba. Ameletwa na Kamati yake, amekwisha lala."

Uso wa Bwana Mkubwa ulibadilika. Akaushika mkono wa Bwana Fanueli kwa mikono yote miwili. "Siku yangu ya ukaguzi, na wewe hukuningoja. Umekuja kutoa damu yako kwanza. Huu ndio utumishi."

Bwana Fanueli alifungua mdomo. Danieli akamwekea kidole midomoni. Walisukumana hivyo kidogo, mpaka Karani akashinda. "Bwana Mkubwa, damu ya mtumishi ni mali ya Serikali. Haitolewi bila kibali cha aliye juu."

"Aliye juu ni mimi," alisema Bwana Mkubwa, akiwa ameguswa kweli na nidhamu hiyo. "Kibali nimetoa."

Daktari alipima, damu ya Karani na ya Mika zikakubaliana bila ubishi wowote. Bwana Fanueli alifumba macho, akafumbua moja, akaiona chupa ikijaa. Kwa siri alikuwa akitegemea damu ya Karani Mkuu iwe na rangi ya tofauti. Ilikuwa ile ile ya Danieli na wino wake.

Baadaye chupa hiyo ikatundikwa juu ya kitanda cha pili. Mika aliifuata kwa macho ikishuka mrija, ikaingia mkononi mwake.

"Babu, yako ni ya moto," alisema.

"Itumie vizuri," alisema Bwana Fanueli. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho mwenyewe hakukitambua, akadhani ni njaa. Akaletewa chai ya maziwa na mayai mawili.

Goti lilipoa. Baada ya siku chache Mika alisimama juu yake, mguu ukiwa umenyooka. Apolonia alilishika goti kwa viganja vyote viwili kama mtu anayeota moto, akacheka na kulia kwa pamoja, akamshukuru kila aliyepita, "Ndaga fijo," kwa lugha ya mumewe, hata waliokuwa hawana habari.

Bwana Mkubwa alikuja Ilomba hatimaye, akapanda mwenyewe juu ya sanduku la chai. Alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo damu ya ndani itatambulika sawa na ya nje, na kwamba neno la mama wa mtoto linatosha kuliwasha lori. Watoa damu watapatikana kwa zamu, nafasi ya kwanza ya kudumu akipewa, kwa heshima ya mfano wake, Bwana Fanueli. Watu walipiga makofi. Walikuwa wamemwona Karani amerudi hai, tena kwa habari za mayai, na uvumi wa mumiani ukaanza kulegea. Mzee Asukile aliandikishwa wa pili baada ya kuhakikishiwa kwamba mtoa damu hupewa lifti.

Tangu hapo Bwana Fanueli hakuwa mtu yule yule. Kila Mika alipoanguka, rimu lililia, na Karani aliukunja mkono wa shati hata kabla Danieli hajafika mlangoni. Kwa hiyo akaanza kutoka mapema. Watu waliokwenda shamba walimwona Karani Mkuu wa Baraza, na koti lake na tai yake, ameinama njiani akiokota mawe. Alikagua vibandiko vya magoti. Alifukia mashimo. Alimwendea daktari kuuliza kama haingefaa mtoto akae ndani tu mpaka akue, na daktari akamjibu kwamba mtoto asiyecheza hupoteza nguvu za miguu, na miguu dhaifu huanguka zaidi, na kila kuanguka, Bwana Karani anajua kunalipwa na nani.

Ndipo jioni moja Bwana Fanueli akaonekana chini ya kile kichuguu. Mika alikuwa juu, mikono ameitandaza.

"Babu Karani, leo naruhusiwa kuruka?"

Bwana Fanueli aliangalia huku na huku. Akavua koti, akalikunja, akaliweka chini. Akaongeza na sweta. Akaukunja mkono wa shati, kwa tahadhari tu, akasimama mbele na kupanua mikono.

"Ruka," alisema. "Lakini ruka kwa utaratibu."